Nifutie Mimi

Umeme ulikuwa umekwenda tangu saa kumi na mbili,
simu imebaki na asilimia nne,
nami nimekaa kwenye ngazi za mama mkwe, Kadutu,
nikimtafuta Ashuza nimchekeshe.

Niliandika: "Bosi wetu anaandika kama mpasua kuni,
neno, pumzi, neno, pumzi,
na koma zake amezimwaga kama sambaza sokoni,
anayetaka ajiokotee."
Nikaona nimesema vizuri. Ndiyo ubaya wenyewe:
nilisoma mara mbili ili kujisifu,
sikusoma hata mara moja jina lililo juu.

Lilikuwa kundi la ushirika.
Watu arobaini na mmoja. Wapima kahawa wa Kabare,
mhasibu, mlinzi wa usiku,
mnunuzi yule wa Ubelgiji anayejifunza Kiswahili
na kuuliza maana ya kila neno jipya,
na yeye mwenyewe, Mama Nsimire.

Kidole kilitangulia akili.
Nilishika ujumbe, nikabonyeza pa kufutia,
na giza lilivyo, na jasho lilivyo,
kati ya yale mawili nikachagua "Nifutie mimi".
Ukatoweka. Kwangu.
Nikawa kama mtoto anayefumba macho
akidhani amejificha.
Kisha simu ikazima.

Kuteleza si kuanguka, husema watu.
Aliyesema hajashuka Kadutu asubuhi baada ya mvua
akiwa na viatu vya ofisini mkononi.
Nilishuka. Kila jiwe nililitungia udhuru:
mtoto alishika simu;
simu iliibwa, ikarudishwa;
kuni, Mama, kwetu ni sifa, mtu wa kuni ni mtu wa…
Kufika Nguba nilikuwa na uongo wa kunitosha mwaka mzima.

Mlinzi alinifungulia lango akitazama pembeni.
Bwana Cishugi wa hesabu alinisalimu:
neno, pumzi, neno.
Nilipowasha kompyuta, mnunuzi alikuwa ameuliza kundini,
"Sambaza ni nini?"
na watu tisa walikuwa wamemjibu,
mmoja kwa picha.

Saa nne niliitwa.
Alikuwa na ripoti yangu ya unyevu wa magunia
na kalamu nyekundu. Hakuinua uso.
"Hapa," akasema, "umesahau koma.
Chukua moja ya zangu."

Natamani ningekuambia kwamba alicheka.
Sijui. Dirisha lilikuwa nyuma yake,
ziwa linang'aa mno, uso wake sikuuona vizuri.
Niliomba radhi, sentensi moja, fupi;
zile zote za njiani zilikataa kutoka.
Akasema, "Haya," akageuza ukurasa.

Sasa ni mwaka wa tatu. Ujumbe ungali upo
katika simu arobaini; mimi peke yangu sina.
Na kabla sijatuma chochote, hata salamu,
hata "nimefika",
macho hupanda kwanza kule juu lilipo jina,
yakangoja pale kidogo,
kama mkono unaopapasa ukuta
ukitafuta mlango, umeme ukiwa umekwenda.