Mlango wa Elfu Nane na Themanini

Mpunguzi, Jumamosi, nimekalia kreti la zabibu,
ruta magotini kama mtoto wa kunawishwa.
Humu ndani kila kifaa kina namba yake:
kamera ni Kumi na Mbili,
pampu ya kisima Kumi na Tano.
Nje hakuna anayevijua. Nje tuna anwani moja,
nayo ya kupanga, umeme ukikatika inabadilika.

Nikaiambia ruta: akija mtu akataja elfu nane na themanini,
usimuulize ukoo, mpeleke kwa kamera.
Mama alidaka neno moja tu, mlango.
"Umeutoboa wapi, Nyemo? Mbona ukuta mzima?"

Nikarudi kazini Tabora.
Usiku, kwenye simu: mizabibu, tangi,
vumbi la Agosti likikatiza mbele ya lenzi,
na Mama, kaleta kigoda, kakaa
uso kwa uso na kale kataa kekundu.
Mbukwa, nilisoma midomoni.
Kamera haina sauti.

Siku ya tatu nikafungua daftari la wageni.
Mia nne na kumi walitikisa kitasa bila hodi,
watu wasiojua zabibu wala Mpunguzi,
wakijaribu moja mbili tatu nne,
wakijaribu tena.

Nikampigia Ndahani, akaufunga kwa ndani.

Asubuhi Mama: "Jana ulikuja?"
Nikasema nilikuja.

Sasa natafuta mlango mwembamba, wenye ufunguo,
wa kupita mtu mmoja.
Kigoda, anasema Ndahani, bado kiko pale pale.