Kalamu ya Risasi

Saa kumi na mbili na nusu nafungua dirisha.
Upepo wa Juni unaingia kabla ya mtu yeyote,
unapekua fomu zangu kana kwamba umetumwa na wizara.
Nazikandamiza kwa jiwe nililookota njia ya Ntyuka.

Umri. Jinsia. Elimu. Ndoa. Kazi.
Visanduku vidogo vya kutilia alama ya vema.

Wa kwanza Nyemo, mpogoa mizabibu wa Hombolo,
mikono inayojua wapi pa kukata ili tawi lizae.
Namuuliza umri, ananitajia njaa:
mwaka mtama ulipokaukia shambani ndipo alipozaliwa.
Nahesabu kwa vidole.

Chibago alibeba magunia sokoni Kibaigwa,
mgongo ukagoma, rafiki akampa cha kuutuliza.
"Kete moja tu, tena ya bure.
Tangu siku hiyo sijapewa tena kitu cha bure."
Namwonyesha dirisha la pili, kikombe cha dawa.
Bure, namwambia. Anacheka, kisha anaacha ghafla.

Ndoa?
"Mimi nina mke," anajibu Ntandu, fundi marumaru,
"ila sijui kama yeye ana mume."
Fomu haina kisanduku cha hilo.
Ofisi ngapi kazisakafia kule Mtumba!
Leo mlinzi humwambia: wewe teja, sogea.

Na yule mwalimu wa Kondoa,
shati limenyooshwa, kalamu mbili mfukoni,
siku mbili alisema kamsindikiza mpwa wake.
Mpwa hakuonekana.
Siku ya tatu akainama, taratibu, kama anayesahihisha daftari:
"Andika jina langu. Elimu, stashahada."

Kila Ijumaa mganga mfawidhi anataka jumla.
Wanaume arobaini na mmoja, mwanamke mmoja.
Mmoja! Wapo, nawajua,
wanapita ng'ambo ya barabara, kanga hadi machoni,
wakiogopa foleni kuliko arosto yenyewe.
Hesabu yangu ni ya kweli, na ni ya uongo.

Huyo mmoja ni Sechelela.
Huja foleni ikishakwisha, mtoto mgongoni,
kiatu kimoja cha mtoto mkononi.
Darasa la saba. Alikuwa akiuza karanga stesheni.
Hajaolewa. "Hajaolewa vizuri," ananirekebisha.
Tunafika mstari wa mwisho:
mtu wa kuarifiwa ikitokea dharura.

Ananyamaza.
Mama alikwisha kufariki. Kaka zake wamefuta namba yake.
Mtoto anapiga miayo.
"Dada, kwani wewe unaitwa nani?"

Kanuni hairuhusu jina la mtumishi.
Niliibandika mwenyewe ukutani, naiona kutoka hapa nilipoketi.
Naweka chini kalamu ya wino,
nachukua ya risasi, ile inayofutika,
naandika jina langu na namba ya simu,
nikikandamiza
mpaka karatasi ya chini.