Mtu wa Pumba

Suruali ni ya Lushinge, ile ya kaki
aliyoiacha alipokwenda Geita kuchimba.
Nimeijaza pumba za mpunga, mchanga wa Igombe kiunoni,
shingo tyubu ya baiskeli,
mikono nyavu kuukuu, bado zanuka sangara.
Mama alishona mabega kwa sindano ya magunia,
akauliza, "Na kichwa je?"
Nikamjibu, mieleka haitaki kichwa.

Alfajiri, nyuma ya mawe,
namkumbatia, nampiga ngwala, chini.
Pumba zanimwagikia machoni.
Hagombi. Hacheki. Hasemi "tena".
Kila nikimbwaga
ni mimi ninayeinama kumwinua.

Jana nilimpima kwenye mizani ya dagaa:
kilo sitini na mbili,
kama Lushinge siku ile anaondoka.

Nikampunguzia mbili.
Migodini hawanenepi.