Ubao wa Thelathini na Tatu

Zdenka Žvegelj ana mizinga thelathini na miwili
kwenye mteremko wa nyuma ya Begunje,
na kila mzinga una ubao wa mbele uliopakwa rangi:
dubu na sungura wakimzika mwindaji,
shetani akinoa ulimi wa mwanamke kwenye jiwe,
mwezi wenye masharubu.
Si pambo. Nyuki arudiapo na mzigo
husoma rangi kabla hajatua;
akikosea mlango, walinzi humpokea kwa miiba.

Jumapili ile alitaka ubao mmoja zaidi,
usio wa mbao.

Mpwa wake Tadej alisogeza bakuli la supu, akafungua kompyuta.
"Andika Žvegelj," akasema Zdenka. "Ndilo jina letu."
Tadej akaandika. Ž ikaingia bila kofia yake,
kichwa wazi, kama aliyevuliwa mlangoni mwa kanisa.
"Nani huyu?"
"Ni wewe, shangazi. Kofia tungeweza kuiacha,
lakini mgeni hanayo kwenye kibodi yake."
"Basi simjui."

Wakajaribu asali. Limechukuliwa.
Asali ya msituni. Limechukuliwa.
Nyuki wa kijivu: limechukuliwa,
na aliyelichukua hafugi hata nzi,
analiuza tu, yuro elfu mbili na mia nne,
mavuno mazima ya mwaka mbaya.

Tadej akaunganisha: asali, kistari, bora, kistari,
ya, kistari, nyumbani, kistari, ya, kistari, Zdenka.
Zdenka akapiga simu Trieste
kwa Bi Ornella, mteja wa miaka kumi na tisa,
ambaye sikio lake la kushoto lilishakufa.
"Kistari gani? Cha juu au cha chini?
Ngoja. Penseli imekatika."
Zdenka akakata simu.
"Jina asiloweza kuliandika Ornella ni fumbo.
Mimi siuzi mafumbo."

Mimi, mpangaji wao wa chumba cha juu,
nilikuwa pembeni nikibandika lebo.
Majina ya nchi hii huishia na nukta, kisha *si*.
Kwetu *si* ni kiganja kinachosukuma:
si mimi, si leo, si kitu.
Kwao *si* ni "wewe u":
u hapa, u mgonjwa, u nyumbani.

Tadej alikuna kidevu. Akaandika *sladka*, nukta, *si*.
Mwanamke wewe, u mtamu.

Zdenka akaweka kijiko chini.
Mwaka wa mvua ya mawe Lojze alirudi kutoka mizingani,
jicho limevimba, kidole gumba kinanata gundi ya nyuki,
akamgusa hapa, chini ya sikio,
akasema maneno hayohayo mawili
pasipo nukta katikati.
Hakuyasema tena. Hakuwa mtu wa kurudia.

"Lipo?"
"Lipo."

Nikaona ni haki niwaonye: kwetu litasomeka *tamu si*,
mteja atarudisha chupa kabla hajaifungua.
"Wa kwenu waonje kwanza," akasema,
na tayari alikuwa akibonyeza namba za Trieste.

Kimya. Penseli ikakwaruza.
Herufi sita, nukta, herufi mbili.
Kisha Ornella akalisoma kwa sauti, akacheka hadi akakohoa:
"Mimi? Kwa umri huu?"

Ada, yuro kumi na nne.
"Ya milele?"
"Ya mwaka, shangazi. Usipolipa tena, linakwenda kwa mwingine."
Alitazama msumari wa nyuma ya mlango,
wavu wa Lojze ungali umening'inia, na nta kwenye ukingo.
"Nilipie miaka ishirini."

Ana miaka sabini na mmoja.
Tadej aliandika ishirini,
wala hakuhesabu kwa sauti.