Dhamana ya Maisha

Nilikinunua Mtaa wa Biashara,
kimelala ndani ya kisanduku chenye sponji nyeusi,
pamoja na cheti: *dhamana ya maisha*.
Maisha ya nani, hakikusema.

Wiki ya pili pini ikaanza kucheza.
Ya nne, kifungio kikasahau kazi:
nakata ngozi ya viatu hapa Kariokor,
bapa likanikunjia kidole
kama mlango wa mtu aliyekasirika.

Nikakirudisha. Yule kijana mwenye tai
akakigeuzageuza, akapuliza vumbi,
akauliza, "Kwani mama, ulikuwa unakitumia?"

Nikashuka Kamukunji kwa Odera,
kelele za mabati mpaka kwenye meno.
Hakusoma jina. Aling'oa pini,
akapekua kopo la misumari,
akachagua mmoja uliopinda, akaunyoosha,
akaukata kwa patasi, akaugonga kichwa mara tatu.
Shilingi hamsini. Na chai, akaongeza.

Sasa hakikunjiki kabisa.
Nakibeba wazi, nimekivika soksi ya mtoto,
kinakata ngozi, kamba, hata mkate wa saa nne.
Na jina lingali ubavuni,
herufi za dhahabu, limetulia tuli
kama mkwe mtanashati
aliyesahau mahari.