Hiari si Haraka

Pakiti ilikuwa ndani ya begi lake la hoki,
plastiki nyeupe, na kifuko cha maji tumboni.
Sikudhani aliteguka kifundo saa moja jioni;
kocha akaibana kiganjani hadi kifuko kikapasuka,
chembe zikakutana na maji,
na papo hapo ikawa baridi kuliko kitasa cha gari.

Usiku, mguu juu ya kiti cha mama yake,
kitabu cha kemia wazi mezani:
"Baba, hakuna anayeilazimisha.
Kama ni hiari yake, mbona inaniomba joto?"

Mimi naendesha lori la chumvi hapa Sudbury.
Kemia niliisoma Tabora,
kwa mwalimu aliyekata chaki vipande vitatu ili ifike Ijumaa.
Nikamwambia: kila badiliko lina daftari la safu mbili.
Ya kwanza ni joto, umetoa au umekopa.
Ya pili ni entropia: chembe zimepata njia ngapi
za kukaa, za kutawanyika, za kupotea.
Hiyo ya pili huzidishwa kwa halijoto kwanza,
kisha itoe katika ile ya kwanza.
Kinachobaki ndiyo nishati huru.
Ikiangukia chini ya sifuri, mlango u wazi, jambo litajiendea.

"Kwa hiyo ilikubali deni la joto
ili mradi ipate nafasi?"
"Ndiyo. Na mguu wako ndio uliolipa."
Akacheka. Akaandika pembeni kwa penseli:
hiari yashinda utumwa.

Sikumwambia kwamba juu ya friji,
ndani ya kopo la majani ya chai,
ipo pete aliyoiacha Zamda mwezi wa Aprili;
kwamba almasi ile, ukiifungulia daftari,
imekwisha ridhia kuwa kile kilichomo ndani ya penseli yake,
na bado inang'aa kila nikitafuta chai.

Saa kumi alfajiri, peke yangu na usukani, nikatunga:

   Hiari siyo haraka, husubiri yake hali,
   Kitu huweza kutaka, na bado kisikubali,
   Chuma kutu hujivika, bila ya kupewa mali,
   Almasi yageuka, ila dahari ni mbali.

Zamda naye hakusukumwa.
Alikunja sweta sita,
akauliza basi la Toronto linaondoka saa ngapi.
Miaka yote mimi nilijaza safu ya joto tu:
tuligombana lini, nani alianza, nani alinyamaza.
Sikuwahi kuhesabu
alikuwa na njia ngapi nje ya nyumba hii.

Hasi ishirini na sita.
Chumvi imekaa juu ya barafu
kama wageni ambao hawajatambulishwa.
Haiyeyushi kitu. Baridi ikizidi,
entropia hupunguziwa sauti barazani,
na barafu hushinda kesi.
Lajeunesse, msimamizi, anakohoa redioni:
"Acheni chumvi. Pakieni mchanga."

Yale maji ya pakiti Sikudhani hakuyamwaga.
Aliyatia kwenye sahani, akaiweka juu ya kipasha joto
chini ya dirisha, mbali na paka.
Wahenga walisema yakimwagika hayazoleki.
Hawakusema bei.
Siku ya tano maji yalikuwa yamekwenda zao
na chembe zimerudi, kubwa kubwa,
zimeshikamana ukingoni.
Akazigusa kwa ncha ya penseli.
"Si zilezile," akasema.
"Ni zilezile," nikasema, "ila zimekaa vingine,"
nikasikia nilichokisema.

Jumanne ikaja bili ya gesi.
Nimeibandika kwenye friji, chini ya kopo.