Nafasi Nayo ni Jino

Msimu uliopita lilizama hadi tumboni
trekta langu la mkono, jaruba la nne,
injini ikikohoa, magurudumu yakizunguka bure
kama ulimi wa mlevi.
Watu walikaa juu ya tuta wakitafuna miwa.
Nililivuta kwa ng'ombe wanne wa kukopa.
Ng'ombe niliwarudisha. Aibu bado ninayo.

Mwaka huu Manafwa imefurika mapema.
Nikaenda Busolwe kwa Higenyi
anayechomelea mageti, majiko,
na mara moja kitanda cha paroko.
Nikamwambia: nataka gurudumu lisilozama.
Akasema: kila kitu huzama, Logose.
Kazi ni kutoka.

Ana mpwa wake ughaibuni, nchi ya baridi,
aliyemtumia picha kwenye simu:
pikipiki mbele imevaa mbao mbili,
nyuma haina gurudumu, ina mkanda wa mpira
mpana kama mgongo wa ndama,
na juu ya mkanda safu za makasia mafupi
yanayochota theluji na kuitupa.

Theluji hatujaiona.
Tunayoijua ni ile inayoota ndani ya friza ya soda
dukani kwa Nambozo, anayoikwangua kwa kijiko
umeme ukirudi.
"Ni tope," Higenyi akasema, akivuta picha kwa vidole ikue,
"tope jeupe lisilo na vyura."

Akakata chuma cha chasisi ya lori lililokufa.
Meno marefu, kiganja kizima na vidole vyake.
Nikayaonea fahari njia nzima.
Jarubani yaking'ata, yakang'ata,
yakachimba kaburi la trekta mbele ya macho yetu
na sisi tumeshika usukani kama wafiwa.

Mara ya pili: mafupi, mengi, yamebanana
kama mama zetu kwenye foleni ya chanjo.
Tope likaingia katikati, likakataa kutoka.
Gurudumu likawa chapati ya udongo,
duara laini, zuri,
lisilokwenda popote.

Usiku ule vyura walinicheka.
Nikakumbuka kitana cha marehemu mama,
upande wa meno yaliyoachana
ulivyopita kwenye nywele zangu ngumu,
na upande wa yaliyobanana
ulivyovunjika, akasonya, akautupa motoni.

Alfajiri nilikuwa mlangoni pa fundi.
Ng'oa moja, acha moja, nikasema.
Nafasi nayo ni jino.

Hakujibu. Alishusha miwani yake nyeusi.
Aliacha pengo la shibiri,
kila jino akalilaza kidogo
kama kiganja kinachokinga maji ya mvua,
ukingo akaupanua, ili lielee kwanza
kabla halijafikiria kuchimba.
Cheche zilitoboa gomesi yangu mahali patatu.
Sijapashona.

Likapita.
Jaruba la nne, la tano, lile la Hisa lenye kinamasi
ambamo hata kokoto huomba msaada.
Tope lilitoka kati ya meno vipande vipande,
likaruka nyuma, likawafikia wala miwa
kwenye tuta. Sikuomba radhi.

Usidhani limekuwa malaika.
Barabarani, kwenye murramu kavu, linatikisa figo,
nati zinalegea, mbwa wanalikimbia.
Kwa hiyo magurudumu ya mpira ninayabeba kwenye baiskeli,
ninabadilisha pale lami ya matajiri inapoanza,
nimechuchumaa na spana, saa nzima, kila safari.
Anayetaka meno ya kila mahali
akanunue kwa Mungu.

Higenyi nitamlipa magunia mawili ya mpunga
Manafwa ikikubali.
Alinipiga video nikilima, akamtumia mpwa wake.
Jibu lilikuja usiku, mstari mmoja:
"Huku leo imenifika kiunoni."

Tuliusoma mara nyingi, simu ikimulika nyuso zetu,
tusijue kama anatupongeza
au anaomba avutwe.